Chapa ya Jembe, Reli ya Igalula

Siku mliyoniaga, kiongozi wenu alisimama akanisifu kwa unyenyekevu wangu. Nilikuwa nakula pilau, nikaweka kijiko chini. Sijawahi kuwa mnyenyekevu, na ningekuwa hivyo nisingefika hata siku ya kuagwa. Sasa kwa kuwa mmeniomba niandike habari za kazi yetu ya kuunga reli kwa ajili ya wanaokuja, naanza kwa kusahihisha hilo. Habari za vyeo na mishahara mtazikuta ofisini, kama panya hawajazila. Mimi nitawaandikia habari za unga, chungu, na mzee mmoja aliyenikataza kutazama moto.

Nimezaliwa Mtendeni, hapa hapa Tabora, nyumba ya mfua chuma. Baba alitengeneza majembe, visu, koleo na bawaba za milango, na alipokosa chuma kipya alifua springi za malori mabovu. Hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo mivukuto niliivuta mimi. Majirani walimwambia hadharani kwamba anaharibu mtoto. Yeye alijibu, "Mtoto wangu, na moshi wangu," kisha akaendelea kugonga. Kabla sijajua kusoma vizuri nilishajua rangi za chuma: chekundu cha kukunja, cha rangi ya chungwa cha kuponda, na cheupe cha kuunganisha, ambacho ukichelewa kidogo tu kinaanza kukurushia cheche.

Uhuru ulinikuta shule ya msingi, na Azimio likanikuta nafagia karakana ya reli hapa Tabora. Miaka ile tuliitana ndugu, kuanzia meneja mpaka mfagiaji, na mikutano ya tawi haikwisha. Siku moja katibu wa tawi alisema kwa sauti kubwa kwamba hakuna kazi ya mwanamume wala kazi ya mwanamke, kuna kazi ya taifa. Watu wakapiga makofi. Alipomaliza nikanyoosha mkono, nikasema nataka kujiunga na gengi jipya la kuunga reli kwa moto. Makofi yakakoma. Katibu akaangalia karatasi yake kama mtu anayetafuta mlango, lakini alikuwa ameshasema na karakana nzima imemsikia. Hivyo ndivyo nilivyoingia, kwa kumshika mtu kwa maneno yake mwenyewe, na nawashauri mfanye hivyo kila mnapoweza.

Mnajua, lakini wanaokuja hawajui, kwamba reli zetu za zamani zilifungwa kwa bamba na bolti. Kila palipofungwa pana pengo, na kila pengo linapigwa na magurudumu mpaka bolti zinalegea, ncha za reli zinapondeka na mataruma yanayobeba reli yanazama kwenye kokoto. Miaka ile mabehewa yalizidi uzito: tumbaku, pamba ya Mwanza, mahindi ya kulisha vijiji vipya ambavyo havijavuna. Ikaamuliwa ncha ziunganishwe ziwe chuma kimoja. Tukafundishwa karakanani na kijana aliyetoka masomoni ng'ambo. Alifundisha vizuri, kwa chaki na ubao tu bila kuwasha, na miwani yake myeusi niliitamani kweli.

Unga wenyewe ni alumini iliyosagwa, ikachanganywa na kutu ya chuma. Kutu ni chuma kilichoshikana na hewa. Alumini nayo inaitaka hewa hiyo kuliko chuma kinavyoitaka, na ukiiwashia cheche kali inainyang'anya papo hapo. Katika unyang'anyi huo linatoka joto ambalo tanuri la baba yangu halikuwahi kuliota. Chuma kinakuwa uji mweupe chini ya chungu, mavi ya chuma yanaelea juu, unachomoa pini ya chini, na uji unashuka ndani ya kalibu ya mchanga uliyoizungushia pengo la reli. Moto huo hauhitaji mivukuto, na maji hayauzimi. Unaharibiwa na kitu kimoja tu, nacho ni unyevu uliotangulia kuingia kwenye unga, chungu au kalibu. Unyevu ukikutana na uji ule unageuka mvuke ghafla, na mvuke unatafuta pa kutokea hata kama ni usoni pako.

Mnyapara wa gengi alikuwa Mzee Kasanda, Mnyamwezi wa Bukene. Babu zake waliyeyusha mawe kwenye tanuri za udongo wakapata chuma, na majembe yao yalikwenda na misafara mpaka pwani. Katika ukoo wake mwanamke hakukaribia tanuri. Alikuja kunieleza baadaye kwamba si chuki. Chuma kinapozaliwa kinaona haya, alisema, na macho ya mwanamke yanakifanya kigande kabla ya wakati wake. Ule unga wa kizungu aliuona kuwa ni tanuri la babu zake lililofupishwa, na masharti yote akayahamishia humo. Kabla ya kuwasha alichukua funda la maji yaliyokorogwa na unga wa mtama, akapuliza mashariki, akapuliza magharibi, ndipo akaomba kiwashio.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa huko huko kwao Bukene, kwenye njia ya Mwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Alijibu akitazama reli. "Wewe ndiye huyo ndugu niliyeletewa?"

"Ndiyo mimi. Mwajuma."

"Haya, binti. Utachekecha mchanga, utakanda udongo wa kuzibia kalibu, utabeba vyombo. Tukiwasha, utakwenda kule kwenye lundo la kokoto, utatugeuzia mgongo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa mzee. Sijakubali."

"Sikukuuliza kama umekubali."

Pembeni alikuwepo Saidi, mpiga nyundo wetu, Mzaramo aliyeletwa na reli akaoa hapa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani husema lolote bila kugombwa. Saidi akaangua kicheko. "Jamani, Mnyamwezi huyu! Babu yake alibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka kwetu asiogope simba, leo yeye anaogopa gauni!"

"Nyamaza," Mzee Kasanda akamwambia, "nisije nikakuuza kwa debe la karanga."

Nilikwenda kwenye kokoto nikageuka. Ilikuwa saa sita, jua la utosi, kivuli changu kimejikunja miguuni. Walipowasha, kivuli kingine kilichomoka mbele yangu, kirefu, cheusi, kinatetemeka juu ya majani. Moto ule ulikuwa umelishinda jua, na mimi niliyelelewa na moto nilikuwa nimeupa mgongo. Nililia kwa hasira. Sikuficha, maana hakuna aliyekuwa ananitazama.

Nikakaa hivyo msimu mzima. Lakini mtu ukimfungia macho humfungii masikio, wala pua. Kule kwenye kokoto nilijifunza kwamba unga ukishika unanguruma, kisha mngurumo unashuka, unakuwa kama mafuta yanayotulia baada ya kutia kitunguu, halafu kinakuja kimya kifupi. Kimya hicho ndicho wakati wa kuchomoa pini. Ukiwahi, mavi ya chuma yanashuka pamoja na chuma. Ukichelewa, chungu chenyewe kinaanza kuliwa. Nilikuwa nasema "sasa" kimoyomoyo, na mara nikasikia pini ya Mzee Kasanda inachomoka neno likiwa bado moyoni. Siku tulipokwenda sawa kila mara, nilijua kwamba kazi nimeijua.

Kuhusu Mzee Kasanda lazima niwe mkweli, hata kama bado ananiudhi. Alikuwa bingwa. Alinifundisha kuinua ncha za reli kidogo sana katikati kabla ya kuunga, kwa sababu chuma kikipoa kinajivuta na kushuka. Alinifundisha kutomsikiliza stesheni masta anayepiga simu kwamba treni inasubiri. "Mwambie isubiri," alisema. "Au ije, tuizike." Na alinifundisha nyundo. Kiungo kikishapoa na kusagwa, alipiga reli mara moja, akainamisha sikio. "Kizuri kinalia," aliniambia, "kibovu kinakohoa." Hayo alinifundisha kwa hiari yake, akiwa ananitazama. Nikiuliza habari za kuwasha tu, anageuka kiziwi.

Kila kiungo kilipigwa chapa ya aliyekiunga, ubavuni mwa reli, ili kikivunjika ajulikane wa kuulizwa. Mzee Kasanda alikuwa na chapa yake na Saidi alikuwa na yake. Mimi sikuwa nayo, na bila chapa wewe ni mbeba mchanga hata ukibeba kwa miaka mingapi. Chapa ndiyo niliyoitaka. Sikutaka kupendwa.

Basi akaja mkaguzi mpya wa njia, mtu mpole asiyependa ugomvi. Alituona tukiwa kazini kusini ya Bukene, masika yameanza, akaniona nimesimama kwenye kokoto kama mtoto aliyeadhibiwa. Akauliza. Alipoelezwa alicheka, kisha akaona sicheki. Akaamuru nisimame kwenye chungu, niwashe mimi, Mzee Kasanda asimamie.

Mzee hakubisha. Uso wake ulibadilika, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana hofu, hofu ya kweli, kama ya mtu anayeona mtoto wake anatambaa kuelekea kisimani. Mkaguzi aliposogea kando kusema na Saidi, mzee alichukua funda lake la maji ya mtama. Alipuliza mashariki na magharibi kama kawaida. Kisha, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu alitaka kutukinga wote, alikuja akapuliza ndani ya chungu, na akarudia kwenye mdomo wa kalibu. Niliona matone yanakaa juu ya unga.

"Mzee, umelowesha unga," nikamwambia.

"Nimeubariki. Washa."

"Siwashi kitu kilicholowa."

"Unaona?" akamgeukia mkaguzi aliyekuwa anarudi. "Mmempa, na sasa anaogopa." Akachukua kiwashio mwenyewe, akatia.

Chungu hakikunguruma, kilibweka. Unga uliruka juu ukiwaka, uji ukatapika pembeni, na Saidi akapatwa mguuni, juu ya buti. Tulimkatia suruali kwa kisu. Alipiga kelele kidogo kisha akaanza kututukana mmoja mmoja kwa ukoo, ndipo tukajua atapona. Uji uliobaki ulishuka kwenye kalibu, na kiungo tulikisaga hivyo hivyo kwa kuwa hapakuwa na kingine. Kilikuwa na vishimo kama andazi lililoumuka vibaya. Mzee Kasanda alikipiga nyundo na kikakohoa, wote tukasikia.

"Nilisema," akanena kwa utulivu. "Alitazama."

Gengi zima likawa upande wake. Siwalaumu sana, mguu wa mwenzao ulikuwa mbele yao. Kesho yake tukaitwa ofisini Tabora. Wanaume wale walisema wazi kwamba hawatasimama na mimi kwenye moto tena. Mkaguzi alikuwa amesikia niliyoyasema juu ya kulowa, lakini alikuwa na mtu mmoja upande huu na gengi zima upande ule, na njia iliyojaa mapengo. Akaniambia kwa upole, "Ndugu Mwajuma, hapa ofisini tunahitaji mtu wa kuangalia chai na mafaili. Kuna kivuli, kuna kiti."

"Kiti sikukiomba," nikasema. "Kiungo kimeharibiwa na maji ya Mzee Kasanda."

Saidi, mguu umefungwa bandeji, akasema, "Hata mimi nadhani Mnyamwezi alitaka kutupikia ugali," na watu wakacheka, na mzee akamtishia debe la karanga. Yeye aliweza kusema hivyo kwa kuwa ni mtani. Mimi sikuwa mtani wake. Nilikuwa binti wa rika la wanawe, na nilisema bila mzaha, mbele ya mkubwa wake. Hilo kwetu ni utovu wa adabu, na nilijua, na nilisema tena.

Mzee Kasanda akanikazia macho. "Babu zangu walipuliza maji hayo hayo, na chuma kikatoka. Majembe yao yamelima nchi hii yote."

"Walipuliza hewani, mzee. Wewe mwenyewe kila siku unapuliza hewani, nami sijawahi kusema neno. Jana ulipuliza ndani ya chungu, kwa kuniogopa mimi. Babu yako angekupiga kofi."

Mzee alinyanyuka, akavaa kofia yake, akaivua, akakaa tena.

"Haya," akamwambia mkaguzi. "Mpe kiungo kimoja, akiunge peke yake. Nitachagua mimi mahali. Akipige chapa anayoitaka. Ila siku kikivunjika, iwe kesho, iwe baada ya miaka, anafungasha virago vyake. Na asiombe chai."

"Nimekubali," nikasema, kabla mkaguzi hajafungua mdomo.

Alichagua Igalula, upande wa magharibi, pale treni zinazotoka Tabora zinapofunga breki kuingia stesheni. Hakuna mahali reli inapoteswa zaidi. Nilimwambia asante, na ilikuwa asante ya kweli, maana kiungo cha mahali pepesi kisingemfunga mdomo mtu yeyote.

Nyumbani nilimweleza baba. Alimaliza chai yake kwanza. Kisha akawasha tanuri, akaniambia nivute mivukuto, nami nilikuwa mtu mzima tayari. Alichukua kipande cha springi ya lori, akakifua, akakichonga kwa tupa mpaka jioni, akakitia maji. Kilikuwa chapa, na kwenye ncha yake palikuwa na jembe dogo, lile la zamani la Kinyamwezi, lenye umbo la moyo na mkia.

"Zamani binti akiolewa, majembe yalikuja kwa baba yake," akasema. "Hili moja linatoka kwa baba kwenda kwa binti. Usilirudishe."

Nilikwenda Igalula na kalibu nilizozikausha juu ya makaa ya tanuri letu, nimezifunga kwa gunia na turubai. Unga niliubeba mapajani ndani ya behewa kama mtoto mgonjwa. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, jua likatoka. Nilikata ncha, nikapanga, nikainua katikati kidogo, nikafunga kalibu, nikaziba kwa udongo, nikazipasha moto reli mpaka zikawa na rangi niliyoijua tangu utotoni. Wale wanaume hawakunisaidia kubeba hata koleo. Masharti ndiyo hayo, walisema.

Niliposhika kiwashio, Mzee Kasanda akasema, "Sisi hatutazami." Na wanaume wazima, gengi zima, wakaenda kwenye lundo la kokoto, wakanigeuzia migongo.

Jamani, nilicheka. Nilikuwa nimebeba kazi yangu yote ndani ya chungu kimoja, na bado nilicheka, kwa jinsi walivyojipanga pale kama mashati kwenye kamba. Saidi tu alikuwa anachungulia kwapani. Nikajua kwamba mbele ya kila mmoja kivuli kitaruka, na kwamba leo watajua wao wenyewe jinsi inavyokuwa.

Nikawasha. Ukanguruma. Kupitia miwani myeusi nikautazama moto ule kwa mara yangu ya kwanza, wote, bila kupepesa, na chuma hakikuona haya hata kidogo. Mngurumo ukashuka. Mafuta yakatulia. Mzee Kasanda alikuwa amesimama mgongo kwangu, mikono ameifumba nyuma, na nilipokuwa nainama niliona vidole vyake vinafumbuka ghafla, vyote, kama mtu anayeachia kitu. Alikuwa ananipa ishara. Au vidole vyenyewe vilizoea, sijui, sikuwahi kumwuliza. Ila niliichomoa pini kabla hajafumbua. Nataka hilo liandikwe.

Uji ukashuka, ukajaa, mavi ya chuma yakamwagika pembeni kwenye sinia. Nikasubiri. Nikavunja kalibu, nikakata ziada kwa tindo kikiwa bado chekundu, nikasubiri tena, nikasaga. Kisha nikachukua chapa ya baba, nikaiweka ubavuni mwa reli, nikapiga mara moja.

Mzee akaja. Akatazama jembe. "Hii si chapa ya kazi."

"Ni yangu."

Akachukua nyundo, akapiga reli, akainamisha sikio. Kililia. Kililia mpaka mke wa stesheni masta akatoka jikoni kuangalia. Mzee alikaa ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akanirudishia nyundo.

"Bado," akasema, akaenda kupanda troli.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila masika yalipokwisha, Mzee Kasanda alikwenda Igalula kupiga kiungo changu. Hakutumwa na mtu. Alirudi karakanani, akapita nilipo, akasema "Bado," basi. Mwanzoni nilisikia tishio ndani yake, kwamba kitavunjika tu, na nadhani lilikuwemo. Miaka ikapita, nikaunga viungo vingi, jembe langu likaenea njia ya Mwanza na njia ya Kigoma. Nikaolewa na fundi cherehani wa Mtendeni, mtu asiyejali harufu ya moshi. Mzee hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Lakini tangu Igalula, kabla ya kuwasha alikwenda mbali, nyuma ya mataruma yaliyopangwa, akapuliza maji yake huko. Na hakunipeleka kwenye kokoto tena. Tulisimama wote kwenye chungu, yeye akilalamika.

Alistaafu, akarudi Bukene, na huko akafia. Tulikwenda kuzika. Saidi, kwa haki ya mtani, alikaa njiani akazuia jeneza mpaka apewe kuku. Kisha akatoa nyundo ya reli ndani ya kanzu, akagonga jeneza taratibu, akainamisha sikio kama mzee alivyokuwa akifanya. "Hiki sasa kimevunjika," akatangaza. Watu walicheka mpaka wakalia, wajane wakacheka, na mimi nilicheka na kulia kuliko wote. Nilimpenda yule mzee. Nilimpenda na hakuwa sahihi, na hayo mawili sikuona sababu ya kuyapatanisha.

Sasa nije kwenu. Mwaka huu reli za Igalula zimebadilishwa, zimewekwa nzito zaidi. Nanyi, kwa mapenzi yenu, mkakata kipande chenye kiungo changu, mkakipaka rangi ya fedha, mkanikabidhi siku ya kuniaga mkingoja nilie. Mkaona nimekunja uso. Mkadhani ni majonzi. Nilikuwa nimekasirika. Kiungo kilichobeba breki za kila treni tangu enzi za Ujamaa, hakikupasuka, hakikuzama, nanyi mnakikata kwa msumeno ili kipambe sebule! Rangi niliikwangua kesho yake. Chini yake jembe lipo, limelika kidogo mkia.

Sikukiweka sebuleni. Nimekipeleka shule ya msingi jirani na kwangu, ambako kengele yao ilikuwa rimu ya lori iliyopasuka. Mwalimu mkuu aliniuliza kama kinaweza kugongwa, au ni cha kumbukumbu tu. Nikamwambia kigongwe, na kigongwe kwa nguvu, pale pale kwenye kiungo, kila siku ya Mungu. Wamekitundika kwa mnyororo. Kiranja anakipiga kwa bolti kubwa, binti mmoja mwenye mkono mzito, hana huruma hata kidogo.

Asubuhi nakaa barazani na chai yangu, ile niliyokataa kuwapikia ofisini. Binti anapiga. Kinalia Mtendeni yote. Nainamisha sikio mpaka kinyamaze, kisha nasema kwa sauti, ili anisikie yule mzee huko aliko:

"Bado."